Nani Ashike Darubini

Aliyejenga benchi letu aliipa bahari mgongo. Ni benchi la saruji, linatosha watu wanne na kikapu, limeegemezwa kwenye ukuta wa pwani, na ukikaa hapo unatazama barabara: duka la vifaa vya ujenzi, saluni ya kinyozi, kibanda changu cha kutengenezea mizani, na dirisha la Karani lenye pazia la kijani. Nyuma ya ukuta kuna tope. Maji yakipwa tope linatanuka mpaka macho yanachoka, na kila mwaka msimu kama huu linapokea ndege wanaokimbia baridi ya kwao kaskazini, wakiwa njiani kwenda kusini. Wengi ni vitwitwi, videge vya kahawia vyenye miguu kama njiti ambavyo havijui maana ya kutulia. Wachache ni sululu, wale wa midomo mirefu iliyopinda. Ukitaka kuwaona lazima usimame, ugeuke, uegemee ukuta. Sisi si watu wa kusimama ovyo. Tunakunywa kahawa, tunatazama wapita njia, tunabishana.

Mwenye kazi ya kusimama alikuwa Karani. Tangu astaafu, miaka ishirini na miwili sasa, kila msimu anachagua siku moja ya bamvua, maji yakijaa sana, anaegemea ukuta na darubini yake iliyofungwa kamba ya kiatu, anahesabu ndege, anaandika kwenye daftari, kisha namba inakwenda ofisi ya mazingira. Mwaka huu jicho limemwangusha. Juzi kapasuliwa, yote mawili yamefungwa bandeji, na daktari kamwamuru alale chali siku tatu bila kuinua kichwa. Jana alituita kitandani akatukabidhi darubini na kile kidude cha chuma cha kubonyeza, kinachohesabu chenyewe. Alisema maneno machache: andikeni mnachokiona, mkiona mia andikeni mia.

Kilichotukosesha raha ni barua. Ofisi iliandika kwamba tope likipata ndege pungufu ya elfu mbili miaka mitatu mfululizo, linatolewa kwenye orodha ya maeneo yasiyoguswa, na wale wanaolitaka kwa uwanja wa makontena wanaruhusiwa kulifukia. Mwaka juzi Karani aliandika elfu moja mia tisa na kumi. Mwaka jana, elfu moja mia nane na arobaini. Angeweza kuongeza na hakuna ambaye angejua, lakini hakuongeza. Leo ndio mwaka wa tatu. Na fomu isiyo na namba, barua inasema, inahesabiwa sifuri. Bwana wa ofisi anakuja kuichukua saa kumi na moja jioni.

Saa nane mchana tulikuwa tumeshajaa benchini. Wembe, kinyozi, alikuwa amefunga saluni akaja na taulo la mteja begani. Winchi, anayeendesha winchi bandarini, alikuwa kwenye siku yake ya mapumziko na goti lake halikukoma kutikisika, benchi zima likawa linatetema. Tarishi amesambaza barua za serikali miaka thelathini. Ana methali kwa kila jambo, na hakuna hata moja inayokaa mahali pake. Mama Birika alikuwa anamimina kahawa, na darubini ameitia kwenye kikapu cha vikombe, chini kabisa, kwa usalama. Mimi wananiita Mizani, kwa sababu ya kazi, na pia kwa sababu sipendi kitu kisemwe kwa kukisia.

Wembe: Nimechungulia. Hamna kitu pale, jamani. Ndege wa kuhesabu kwa vidole.

Mama Birika: Maji bado yako mbali. Yatawasogeza.

Winchi: Yatawasogeza walewale, mama. Maji hayazai ndege.

Tarishi: Wahenga walisema, ndege mjanja hunaswa na tundu bovu.

Wembe: Hiyo inaingiaje hapo?

Tarishi: Wamekuwa wajanja, hawaji. Kuingia inaingia vizuri tu, ni wewe ndio mlango wako umefungwa.

Wembe: Mimi nawaambia ni taa za bandari. Ndege anasafiri usiku, anafuata nyota. Akifika hapa anakuta nyota zimeshuka chini, zimepangwa mstari, nyingine zinawaka na kuzima. Ungekuwa wewe ungetua?

Winchi: Usiisingizie bandari. Mimi niko juu kule kwenye kibanda cha winchi, wananipita dirishani, tunatazamana. Hawana wasiwasi nami hata kidogo.

Wembe: Umejuaje hawana wasiwasi? Umewapima presha?

Winchi: Wanapita mwendo wa kawaida.

Mama Birika: Mwendo wa kawaida wa ndege unaujua wewe, ambaye hata lifti ya kwenu unaiogopa.

Winchi: Mama, lifti inafunga mlango. Kule juu niko peupe.

Tarishi: Mie nahisi wamebadili njia. Kama malori yanayokwepa mizani barabarani.

Akanikonyeza. Nilikuwa natazama saa yangu, kwa sababu kazi hii ina wakati wake na Karani alitueleza taratibu, kama anayemweleza mtu dawa. Maji yakianza kujaa, ndege waliotawanyika tope zima wanarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka wanabanana kwenye ulimi mmoja wa tope chini kabisa ya ukuta wetu. Pale ndipo wanahesabika. Unachagua kumi, unalizoesha jicho kumi inafananaje, kisha unafunika kundi zima kumi kumi, na kila kumi unabonyeza kidude mara moja. Unahesabu mara tatu, unachukua namba ya katikati. Una dakika kama arobaini. Maji yakiufunika ulimi ule, wanaruka wote kwa pamoja na kwenda mahali ambapo mguu wa mtu haufiki.

Tarishi: Au kiongozi wao amekufa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mama Birika: Hapo umegusa kitu, ingawa kwa bahati mbaya. Karani aliniambia wale wachanga hawaongozwi na mtu. Mama zao wanatangulia kuondoka, wanawaacha kulekule. Watoto wakishaota mabawa wanakuja wenyewe, bara zima, njia hawajawahi kuiona.

Winchi: Bila kuonyeshwa?

Mama Birika: Bila kuonyeshwa.

Winchi: Wangu ana miaka ishirini na mitano, nikimtuma mkate ananipigia simu mara mbili.

Wembe: Basi labda wamepotea hao wachanga. Wako mahali, wamejaa, wanaulizana tope liko wapi.

Winchi: Ngoja niwaambie ninachowaza, na msinirukie. Huenda ndege ni mia mbili tu. Toka mwanzo ni mia mbili. Wanazunguka huku na huku, Karani jicho lake bovu, anawahesabu kila wakipita.

Nilimrukia. Nilimwambia Karani anahesabu mara tatu, na jicho lake limeanza kuharibika juzi tu, na mtu aliyekataa kujiongezea ndege tisini ili kuokoa tope lake hawezi kusemwa hivyo na mtu asiyejua hata kitwitwi ana miguu mingapi.

Winchi: Miwili.

Mimi: Umekisia.

Tarishi: Tulieni, wagombanao ndio wapatanao. Nisikilizeni mimi. Miaka yote hii tumeliangalia jambo hili kichwa chini miguu juu. Tunadhani tunawahesabu. Wao ndio wanatuhesabu.

Wembe: Haya, tumeanza.

Tarishi: Kwa nini watoke kote huko, wapite hapahapa, siku zilezile? Wametumwa. Mimi nimekuwa tarishi, namjua mtu aliyetumwa kwa jinsi anavyosimama. Wakirudi kwao wanaulizwa: mmekuta wangapi pale ukutani? Wanasema, wanne benchini wametupa mgongo, mama mmoja na birika, na yule mwenye daftari. Mwaka huu mwenye daftari hayupo. Wameona hesabu imepungua, wamekata tamaa nasi.

Kwa mara ya kwanza mchana ule hakuna aliyecheka. Wembe alivuta taulo lake. Mimi mwenyewe nilitupa jicho kwenye dirisha la pazia la kijani. Huwezi kujua mtu aliyelala chali gizani tangu juzi anawaza nini, lakini nilijua anachosubiri.

Mama Birika alisimama akachungulia ukutani. Alikaa hivyo muda kidogo, kisha akageuka.

Mama Birika: Maji yanaingia, tena kwa kasi. Wameanza kurudi nyuma. Nani anahesabu?

Winchi alinyoosha mkono kwenye kikapu. Wembe akauzuia.

Wembe: Taratibu, bwana. Wewe hapana.

Winchi: Kwa nini mimi hapana? Macho yangu ni ya kazi. Naona pini ya kontena kutoka mita arobaini juu.

Wembe: Ndio hapohapo. Uwanja wa makontena ukijengwa hapa, winchi mpya itaendeshwa na nani? Na fundi cherehani?

Winchi: Unasema nitapunguza ndege?

Wembe: Sijasema. Nasema mkono mtupu haulambwi.

Tarishi: Hiyo ni yangu, usiiguse.

Winchi: Na wewe je? Malori yakianza kupita hapa, saluni yako ina dirisha barabarani na mkono wako una wembe. Kila lori likipita, sikio moja la mteja linaondoka. Wewe ukishika darubini, tope hili litakuwa na ndege laki.

Wembe: Angalau nitakuwa nimeongeza kwa nia njema.

Winchi: Umemsikia? Umemsikia, Mizani? Kakiri mwenyewe.

Mama Birika: Tarishi basi.

Tarishi: Mikono yangu inatetemeka. Nikishika darubini, ndege mmoja nitamwona sita.

Wembe: Si mbaya hiyo.

Winchi: Mama, ashike Mama Birika.

Mama Birika: Na jiko nimwachie nani? Lina moto na nyie ni watoto. Nimeshawatunzia darubini, na kuhesabu tena nihesabu mimi?

Hapa lazima niseme langu, maana kusema ya wengine tu ni uoga. Darubini ile nilistahili kuishika mimi. Kila mtu pale alijua. Nimekaa miaka kumi na saba nikipima vitu ambavyo wenye maduka wangependa visipimwe sawasawa, na sijawahi kumwongezea mtu wala kumpunguzia. Sina winchi, sina saluni ya kioo, mkono wangu hautetemeki. Ilibaki mtu mmoja tu aseme, Mizani, shika wewe. Nilingoja niambiwe. Waliwataja wote, mpaka Mama Birika na jiko lake, hawakunitaja mimi, na nilivyo mtu wa kununa nikakunja mikono nikatazama duka la vifaa. Nilijiambia watanikumbuka tu, na wakinikumbuka nitakataa mara moja kwanza, kisha nitakubali.

Tarishi: Tupige kura.

Winchi: Tuko wangapi?

Tarishi: Watano. Haitagongana.

Walipiga kura. Kila mtu alijipigia mwenyewe, isipokuwa mimi ambaye sikupiga, na Mama Birika ambaye alisema anampigia Karani.

Wembe: Tufanye hivi. Awepo mtazamaji, awepo mbonyezaji, na awepo msimamizi wa kuwasimamia wote wawili. Wasipikiane namba.

Winchi: Sawa. Mimi nabonyeza.

Mama Birika alimpa kidude. Ni kitu kidogo, kinajaa kiganjani, kina kitufe cha dole gumba na dirisha la tarakimu. Winchi alikizungusha kurudi sifuri, tukakiona wote.

Wembe: Mimi natazama.

Winchi: Hutazami. Hilo tumeshalimaliza.

Wembe: Hatujalimaliza, tumelipitia.

Mama Birika: Wamefika katikati. Wale sululu wakubwa wameshatoka majini.

Tarishi: Kabla ya mtazamaji, tukubaliane namba.

Wembe: Namba gani?

Tarishi: Ya kuandika. Tusiende kuhesabu kama vipofu. Mtu anakwenda sokoni anajua anachotafuta. Tukubaliane kabisa: wakiwa elfu moja mia tisa na tisini tunafanyaje?

Mama Birika: Mnaandika elfu moja mia tisa na tisini. Si kasema mwenyewe?

Tarishi: Kwa ajili ya ndege kumi tope life? Mama, bandu bandu huisha gogo.

Winchi: Kumi wanaweza kuwa wamejificha nyuma ya jiwe. Hilo hata mimi nakubali.

Wembe: Na wakiwa elfu moja mia tisa?

Winchi: Mia moja hawaenei nyuma ya jiwe.

Wembe: Inategemea jiwe.

Winchi: Jiwe lenyewe unalijua, lile lenye chokaa. Hata wewe hujifichi pale.

Wembe: Elfu moja mia tisa na hamsini, je? Hamsini wanaenea?

Tarishi: Wakibanana. Penye nia pana njia.

Hiyo ilikaa mahali pake, na Tarishi mwenyewe alishtuka. Ila ubishi ulikuwa umeshakolea. Walianza kupima jiwe lile kwa maneno, urefu na upana, nani aliwahi kukaa juu yake, na kama kitwitwi akilala anachukua nafasi ndogo kuliko akisimama. Winchi akasema analala kwa mguu mmoja. Wembe akasema basi nafasi ni nusu, kwa hiyo nyuma ya jiwe wanaenea mia. Goti la Winchi linatikisika, taulo la Wembe linahama bega hadi bega, Tarishi anasimama na kukaa. Hata mimi niliyenuna nilijikuta naunganisha na kuachanisha vidole. Walikuwa wakisema kwa sauti ya watu ambao hawataki kunyamaza, kwa sababu wakinyamaza mmoja wao atalazimika kugeuka.

Mama Birika: Jamani, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wamebanana chini ya ukuta. Wamejaa pale.

Wembe: Wengi au wachache?

Mama Birika: Mimi nitajuaje, macho yangu ya kahawa. Wengi.

Winchi: Wengi si namba.

Wembe: Unaona anavyotaka wapungue?

Winchi: Rudia.

Wembe: Nasema, unataka wapungue.

Winchi akasimama. Wembe akasimama. Mmoja akashika darubini kwenye kikapu, mwingine akashika kamba yake ya kiatu, wakavutana uso kwa uso mpaka kamba ikaanza kukatika, na vikombe vikalia. Mama Birika akarukia kuokoa vikombe. Tarishi akaingia katikati akisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba hiyo ndiyo sababu wanapaswa kupatana. Wakati huohuo, mtaa wa pili, lori lilikuwa limerudi kinyumenyume mpaka mwisho wa barabara na kuinua bodi. Nikasikia kokoto zikimwagika: mlio mrefu, mpana, wa vitu vingi vidogo kwa pamoja. Nikafikiri, wameanza kuleta kokoto za ule uwanja wao kabla hata ya fomu, na hasira ikanipanda. Niligeuza shingo nitazame lori.

Lori lilikuwa limeshamaliza. Bodi lilikuwa linateremka tupu, na mlio ule bado ulikuwa unaendelea nyuma yangu.

Nilisimama, nikageuka. Maji yalikuwa yamefika ukutani, yametulia, ya kijivu, hayana hata unyoya. Ulimi wa tope haukuwapo. Jiwe lenye chokaa lilikuwa limebaki ncha.

Mimi: Wameruka.

Hawakunisikia. Nikasema tena. Wembe aliachia kamba, na Winchi, aliyekuwa anavuta, akakaa chini na darubini mapajani.

Wembe: Nani wameruka?

Mama Birika: Nani tena, Wembe? Nani tena?

Walikuja mmoja mmoja ukutani. Tulisimama wote watano tumeegemea, kama tulivyopaswa kusimama nusu saa kabla, tukatazama maji. Tarishi alifungua mdomo atoe methali akaufunga. Saa ilikuwa tisa na nusu na dakika tano.

Winchi: Lakini tunayo namba.

Alikuwa anatazama kiganja chake. Kile kidude kilikuwa bado mkononi, na dole gumba lake, ambalo kama goti lake halijawahi kukaa bure, lilikuwa limebonyeza muda wote ule tangu akipewe. Alikuwa anabonyeza akibisha, anabonyeza akisikiliza, anabonyeza akivuta kamba. Dirishani palikuwa na mia mbili kumi na tatu.

Wembe: Kila moja ni kumi.

Winchi: Kila moja ni kumi. Elfu mbili mia moja na thelathini.

Mama Birika: Hizo ni za nini? Za matusi yenu?

Wembe: Mama, sikiliza. Ingekuwa elfu tatu ningesema uongo. Ingekuwa elfu mbili kamili ningesema uongo wa kijinga. Lakini elfu mbili mia moja na thelathini, hiyo ni namba ya kweli kabisa. Ina sura ya kweli.

Winchi: Na hatukuitunga. Imetoka yenyewe.

Tarishi: Kidole kinaweza kuwa kinajua ambacho jicho halijui. Walikuwa nyuma yetu wale ndege, hatua tano. Kidole kiliwahisi.

Winchi: Mimi huwa nahisi mzigo kabla sijauona. Ukweli wa Mungu.

Wembe: Basi kidole kimehesabu. Tope limepona. Mizani, wewe ni mtu wa vipimo, unasemaje?

Ndipo waliponikumbuka. Sehemu yangu moja, naikiri, ilikuwa imeshaanza kuipenda ile namba.

Mlango wa Karani ulifunguka. Shemeji, mke wake, alivuka barabara akija kwetu. Miaka yote tunayokaa pale hajawahi kusimama kijiweni. Anapita, anasalimia, anaendelea. Leo alikuja moja kwa moja na daftari la mumewe limefunguliwa ukurasa wa hesabu na kalamu tayari vidoleni. Kwa jinsi alivyotembea ungesema anakuja kupokea mgeni.

Tarishi: Karibu, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?

Shemeji: Hatulii. Toka asubuhi ananiuliza saa. Nimemwambia ukiinua kichwa tu nakufunga kamba. Haya, mmepata wangapi?

Sisi wengine tulitazama chini. Winchi ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyemaliza kazi.

Winchi: Elfu mbili mia moja na thelathini, shemeji. Tumehesabu mara tatu, tumechukua ya katikati.

Sikuwahi kumwona mama yule akicheka kwa uso mzima. Alifunika mdomo kwa daftari, kisha akalilaza ukutani, juu ya ukuta uleule, na kuandika pole pole kwa mwandiko wa mtu ambaye si kazi yake. Niliiona ile namba ikikaa chini ya namba ishirini na mbili za Karani, za wino mmoja, za mkono mmoja.

Shemeji: Afadhali. Afadhali, jamani, mmeniokolea mtu. Basi imebaki safu ya mwisho. Amewasikia wakiruka. Mimi nikadhani ni lile lori, akaniambia hapana, hao ni wao, toka upesi ukawaulize. Huwa anaandika kila mwaka. Wameelekea wapi?

Kwa muda goti la Winchi lilitulia.

Kisha mikono ikainuka. Wembe alionyesha kule bandarini. Tarishi alionyesha baharini, moja kwa moja. Winchi alionyesha kusini, akasita, akasogeza kidole kidogo. Na mimi, mtu wa vipimo, nilijikuta mkono wangu umenyooka hewani kuelekea upande ambao hakuna mwingine aliyeuchagua.

Shemeji alitazama kidole kimoja, akatazama cha pili, mpaka akavimaliza. Akatazama darubini iliyolala benchini na kamba yake iliyokatika. Akatazama vikombe. Kile kicheko kilikuwa kimeshaondoka usoni.

Niliteremsha mkono. Nimewahi kuona aibu maishani, lakini ile ilinichoma mpaka kwenye masikio.

Mimi: Shemeji, hiyo namba si ya kweli. Hatukuangalia. Tulikuwa hapa, tukabishana nani aangalie.

Wembe: Mizani.

Mimi: Hatukuangalia, shemeji. Hata mmoja.

Wembe: Akiifuta ni sifuri, Mizani. Unajua ni sifuri. Bwana wa ofisi anafika jioni hii.

Shemeji aliishika kalamu juu ya ile namba. Hakuikata, wala hakuiondoa kalamu. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya pazia la kijani, Karani aliita jina la mkewe la nyumbani, lile ambalo sisi hatujawahi kulisikia, kisha kwa sauti ya mtu aliyekatazwa kuinua kichwa akauliza wamesema wangapi.

Shemeji alitutazama mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

Shemeji: Nimwambie nini?